Sura ya Nne: Usukani wa Pijo

Banda lilikuwa zuri kuliko nyumba. Sajenti Mwaisha aliliona hilo kabla hata hajakalia kiti alichopewa. Nyumba ya Mzee Laurenti pale Mafiga ilikuwa na ufa ukutani na dirisha lililozibwa kwa ubao, lakini banda la uani lilikuwa limeezekwa bati jipya na kupigwa sakafu ya saruji, na katikati lilichimbwa shimo la fundi lenye ngazi yake, limefagiliwa vizuri. Kilichokosekana ni gari tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, afande. Karibu. Utanisamehe, hata chai sijabandika."

Jesca, mke wa Mzee Laurenti, hakuwa amelala, na hakujaribu kuficha. Mumewe aliondoka jana asubuhi na fundi wake, Said, kwenda Matombo kuchukua gari bovu. Jioni Said alirudi mjini peke yake. Simu ya mzee ilikuwa haipatikani tangu hapo, na leo kulipokucha Jesca alifunga mlango, akaenda polisi kwa miguu.

"Said alikwambia nini?" Mwaisha aliuliza.

"Alinipigia. Kasema gari wamelikuta limeoza, wameliacha hukohuko. Eti mzee kaambiwa Kisaki kuna Pijo nyingine, waliitelekeza wawindaji, inaweza kutoa vipuri. Kapanda gari la Kisaki, kaenda kuangalia."

"Wewe unaonaje?"

"Laurenti hajawahi kulala ugenini bila kunipigia. Akikosa simu yake anaazima ya mtu. Na dawa zake za presha hizo hapo dirishani."

Mwaisha aliziangalia zile dawa, kisha akaomba aoneshwe banda kwa ndani.

Rafu za ukutani zilikuwa zimejaa vitu vilivyofungwa kwa kanga. Jesca alikifungua kimoja baada ya kingine kwa mikono ya mtu aliyezoea kufukuzwa humo ndani. Taa za mbele. Vifuniko vya magurudumu vinavyong'aa. Vitasa vya milango. Saa ya kwenye dashibodi iliyosimama miaka mingi.

"Hizo taa zimelala kwenye kanga niliyofungwa siku ya arusi yangu," alisema. "Zinalala vizuri kuliko mimi."

"Gari lenyewe ni la nani?"

Jesca akaeleza. Ilikuwa Pijo 404 ya Mzee Mansuri, mnunuzi wa kahawa wa Matombo, na Laurenti ndiye aliyekuwa kijana wake wa kuiosha, kisha dereva wake. Mansuri alipofariki gari likabaki ndani ya ghala la kahawa. Kwa mila za Waluguru mali yake ilikuwa ya wapwa zake, watoto wa dada yake, na wapwa wale walikuwa hawaelewani. Mmoja alitaka kuliuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, mwingine hataki liguswe. Laurenti alistaafu akisubiri. Mwezi uliopita dada wa marehemu, Bi Chausiku, aliwaita wote, akawaambia amechoka kufagia kinyesi cha popo, gari apewe yule aliyekuwa analiosha. Likaisha hivyo.

"Tangu ananioa ananiambia tutakwenda kanisani na Pijo," Jesca alisema. "Nimezaa, nimezeeka, nakwenda kanisani kwa miguu. Lakini juzi alipoambiwa akalichukue, afande, alilia kama mtoto, na mimi nikalia."

Mwaisha alikuwa amesimama mbele ya msumari ulioko ukutani. Hapakuwa na kitu juu yake, ila chini yake rangi ya ukuta ilikuwa na duara safi, mahali ambapo vumbi halikufika kwa muda mrefu.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Usukani. Ule wa kwenye gari uliibwa zamani. Aliutafuta mpaka akaupata Dar. Jana aliuchukua, akaubeba mkononi, hakukubali hata kuutia kwenye begi. Na kamba mpya, ya bluu."

"Si alikuwa amekodi lori la kulibeba?"

"Alitaka lori. Said akamwambia ya nini, pikapu na kamba vinatosha."

Mwaisha alilitazama tena lile duara ukutani. Gari lililopakiwa juu ya lori halihitaji usukani. Gari linalokokotwa kwa kamba linahitaji, na linahitaji mtu wa kuushika. Alijikuta akiogopa, na kwa kuwa mama wa watu alikuwa anamwangalia usoni, akageukia upande wa mlango na kusema wataonana baadaye.

*

Gereji ya Said haikuwa mbali, kiwanja chenye mwarobaini mmoja na magari matatu yasiyo na injini. Koplo Frank, aliyekuwa dereva wa Mwaisha siku hiyo, alizima gari nje ya uzio. Said alikuwa amelala chini ya pikapu yake. Alitoka polepole, akajifuta mikono kwa kitambaa, na aliendelea kuifuta hata ilipokwisha kukauka. Alikuwa mwanaume wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya chini.

"Mzee hajafika tu?" alitangulia kuuliza.

"Hajafika. Alipanda gari gani kwenda Kisaki?"

"Noah moja nyeupe. Sikuangalia namba, afande."

"Alikuwa na mzigo?"

"Kibegi tu. Cha begani."

"Na usukani?"

Said alikunja kitambaa. "Usukani upi?"

"Wa Pijo. Aliondoka nao nyumbani mkononi. Alipanda Noah na usukani?"

"Aa, ule. Ule aliuacha kwa Bi Chausiku. Si gari tumeliacha kwake, na wenyewe akauacha hapohapo."

"Mtu ametafuta usukani mpaka Dar, kwake anautundika ukutani, halafu anauacha kwenye ghala la popo?"

"Ndivyo alivyofanya. Mimi ningemwambia nini, afande?"

Mwaisha alizunguka nyuma ya pikapu. Ndani ya bodi palikuwa na jeki, gurudumu la akiba, panga, na kamba ya bluu iliyoviringishwa vizuri. Aliivuta ncha yake. Ilikuwa imechanika, nyuzi zake zimetawanyika, na imeshika udongo mwekundu. Ncha ya pili bado ilikuwa na fundo.

"Hii ilikatikia nini?"

"Nilifungia ndizi."

"Zilikuwa nzito hizo ndizi."

Said hakucheka. Frank, aliyekuwa ameegemea uzio, alicheka kidogo, kisha akaona hakuna mwenzake, akaacha.

"Funga gereji," Mwaisha alisema. "Twende Matombo ukanioneshe gari mlivyoliacha."

"Leo? Nina kazi ya mtu, afande."

"Leo hii. Ukinionesha gari na usukani wake, nakurudisha mwenyewe na nakuomba radhi mbele ya watu."

Wakati anapanda, Said aliangalia milima. Vilele vya Uluguru vilikuwa vimezama ndani ya mawingu, na mawingu yenyewe yalikuwa yanashuka. Mwaisha naye aliyaangalia. Mvua ikianza kule juu, vijito vyote vinajaa kwa mkupuo, na barabara ya Matombo inageuka sabuni.

*

Walikuwa wamepita Kiroka, wameanza milima, simu ya Mwaisha ilipoita. Alikuwa askari wa kituo cha Kisaki, ambaye Mwaisha alimwomba asubuhi aulizie nyumba za wageni.

"Tumempata mzee wako," alisema. "Mgeni, kaingia jana jioni, kalala hapa. Ana mzigo wa vyuma vya gari. Sasa hivi katoka kidogo, lakini mzigo upo chumbani."

Frank alisikia. Alipiga usukani kwa kiganja cha mkono, akakanyaga mafuta. "Si nilisema, afande. Mzee wa watu kaenda kutafuta vipuri. Nimpigie mama kule Mafiga?"

"Usimpigie."

"Atakufa kwa wasiwasi bure."

"Mpaka nimwone kwa macho. Ukimpa mtu habari kama hiyo halafu ukaichukua, unamuua."

Hata hivyo moyo ulimshuka kidogo, akashusha pumzi. Alimtazama Said kwenye kioo. Mtu ambaye maneno yake yamethibitishwa alitakiwa afurahi, au basi anung'unike kwamba alisumbuliwa bure. Said hakufanya moja wala jingine. Alikuwa anaangalia nje, upande wa bonde, midomo imekauka.

Barabara iliteremka kwa kona. Upande wa kulia ulikuwa ukuta wa mlima, upande wa kushoto bonde lililojaa mianzi na mifenesi, na chini kabisa kijito kikipiga kelele bila kuonekana. Frank alikwepa majani yaliyolala barabarani, tawi moja bichi na jingine lililotupwa pembeni. Kila dereva wa nchi hii anayajua majani hayo. Gari likiharibika, mtu anakata matawi, anayalaza barabarani upande wa juu na upande wa chini, ili anayekuja ajue mbele kuna gari bovu. Frank alipunguza mwendo kwa mazoea, akijiandaa kulikuta hilo gari.

Hakulikuta. Alipita kona, akapita kipande kilichonyooka, na kwenye mteremko akakwepa majani mengine. Akaongeza mwendo.

"Simama," Mwaisha alisema.

"Kuna nini?"

"Rudi nyuma. Simama hapa katikati."

"Afande, Kisaki ni mbali, na mvua hiyo hapo. Majani haya madereva wanayaacha kila siku. Mtu anatengeneza gari lake, anaondoka, anasahau."

"Najua. Rudi."

Alishuka. Alianza na majani ya chini. Yalikuwa mengi, yamepangwa vizuri kwa kufuatana, makubwa mbele na madogo nyuma, kazi ya mtu asiye na haraka. Yalikuwa yamenyauka lakini hayajakauka, kwa hiyo yalikatwa jana. Alipanda hadi kwenye yale ya juu. Huko palikuwa na yale matawi mawili tu, na hayakupangwa. Kando ya njia, mti uliokatwa ulikuwa na tawi la tatu lililopigwa panga mara moja, likavunjika nusu, likaachwa linaning'inia.

"Frank, njoo. Gari likitengenezwa njiani linaacha nini?"

Frank alikuna kichwa. "Mafuta. Mawe ya kuzuilia magurudumu, maana hakuna dereva anayeyaondoa."

"Nitafutie mafuta."

Frank alitafuta. Hapakuwa na tone. Jiwe lilikuwapo moja, kubwa, limekaa katikati ya barabara, na juu yake lilikuwa na mstari mweusi wa mpira wa tairi, kama lililoburutwa na kurukwa.

"Majani ya chini yamepangwa," Mwaisha alisema, kwa sauti ya mtu anayejisomea mwenyewe. "Ndiyo yaliyoanza. Ya juu hayakumalizika. Mtu alikuwa anakata tawi la tatu, akaacha panga katikati ya tawi. Kuna kitu kilitokea nyuma yake. Na hilo gari lililokuwa katikati ya majani haya halikwenda juu wala chini."

Frank aliangalia upande wa bonde. Uso wake wa kuchekacheka uliondoka wote.

Simu ikaita tena. Askari wa Kisaki alikuwa anaomba radhi. Yule mzee alikuwa amerudi kutoka kunywa chai, na kumbe jina lake ni Paulo, mnunuzi wa vyuma chakavu, anatokea Ifakara. Mwaisha alimshukuru, akaitia simu mfukoni.

Said hakuwa ameshuka garini. Mwaisha alimfungulia mlango.

"Said. Alikuwa ndani?"

Said aliangalia bonde.

"Nakuuliza swali moja tu, na kila dakika unayokaa kimya ni yake, si yako. Gari lilipoondoka, mzee alikuwa ndani?"

"Alikuwa ndani," Said alisema.

Yakamtoka yote kwa pamoja. Kamba ilikatika kwenye mpando. Aliweka jiwe nyuma ya gurudumu, akamwambia mzee akae humohumo na ashike breki ya mkono, maana aliikagua kule ghalani na akamhakikishia kwamba inashika. Ilikuwa inashika gari likiwa kwenye tambarare. Akapanga majani ya chini, akapanda kukata ya juu. Alisikia jiwe linasagika. Alipogeuka, Pijo ilikuwa inarudi nyuma kimyakimya, mzee ameng'ang'ania usukani, halafu kona ikaimeza.

"Ukashuka kumwangalia?"

"Nilisimama ukingoni. Ni mianzi mitupu, huoni kitu. Aliniita. 'Said. Said.' Kisha kijito tu."

"Alikuita, na ukaondoka."

"Afande, mimi nimetoka gereza la Kingolwira. Niligonga mtu, nikafungwa, mke akaondoka. Sasa nina mwingine, na mtoto mchanga. Nikasema, huyu akifa narudi Kingolwira, akipona ndiyo kwanza atanitaja. Alivyokuwa ananiita vile, alikuwa ananishtaki kwa Mungu. Nikaokota kamba. Majani sikuyakumbuka. Mkono uliyaweka wenyewe, sikumbuki hata kuyakata."

Mwaisha alitamani kumpiga kofi. Badala yake alimwelekeza Frank apige picha majani na jiwe, kisha apige simu hospitali ya mkoa, waje na machela na kamba. Tone la kwanza la mvua lilimwangukia mkononi. Akavua viatu vya kazi, akavining'iniza shingoni kwa kamba zake, na akaanza kuteremka.

"Wewe unatangulia," alimwambia Said. "Unapajua."

Mteremko ulikuwa mbaya. Walishikilia mianzi, walikalia matope, walishuka kwa makalio kama watoto. Njia ya gari ilionekana sasa, mianzi iliyolala na kuinuka nusunusu, kipande cha kioo, kifuniko cha gurudumu kinachong'aa kwenye majani ya mgomba. Mwaisha alikuwa anasikiliza. Kijito kilikuwa kinameza kila kitu, na alianza kuyapanga kichwani maneno ya kumwambia Jesca, akayakataa, akayapanga tena.

Ndipo wakasikia. Ilikuwa sauti iliyokauka, ya mtu aliyekwisha kuitumia.

"Said."

Said alisimama, akaukumbatia mwanzi. Jasho na mvua vilikuwa vinamtiririka usoni. "Umesikia, afande? Bado ananitaja."

Mwaisha alimpita, akaanguka, akainuka, akaanguka tena, na akalikuta gari. Pijo ilikuwa imekaa kwa nyuma kwenye shina la mfenesi, pua imeelekea juu mlimani, paa limebonyea, rangi ya bluu ya zamani ikionekana pale mvua ilipoosha vumbi la ghala. Mzee Laurenti alikuwa amekaa mahali pa dereva. Kiti kilikuwa kimesogea mbele kikaubana mguu wake. Midomo ilikuwa imepasuka, na mikono yote miwili ilikuwa kwenye usukani.

"Shikamoo, mzee. Mimi ni Mwaisha, ni polisi. Nimetoka kwa mama Jesca."

Mzee alimgeukia taratibu. Ilimchukua muda kumwona.

"Said mmempata?"

"Tumempata, mzee."

"Amekufa?"

Mwaisha hakuelewa. Alidhani mzee anaweweseka, akanyoosha mkono kumpima mapigo ya moyo, lakini mzee aliutikisa mkono ule uondoke, akitaka ajibiwe kwanza.

"Alikuwa nyuma yangu," alisema. "Anapanga majani. Jiwe likatoka, gari likarudi. Breki nakanyaga, hakuna kitu. Nimempitia, mwanangu. Namwita tangu jana, haitiki. Ana mtoto mchanga yule. Mimi ndiye niliyetaka gari, yeye alikuwa ananisaidia tu. Mkanifunge mimi. Lakini mumtoe kwanza, asilale kwenye mvua."

Frank, aliyekuwa amefika akihema, alivua kofia bila sababu, akaivaa tena. Mwaisha aligeuka. Said alikuwa amesimama palepale kwenye mianzi, hatua chache juu yao, na kwa jinsi uso wake ulivyokuwa, hakukuwa na haja ya kumuuliza kama amesikia.

Pingu zilikuwa kiunoni mwa Mwaisha, na angezitumia, jioni hiyohiyo, na hakimu angesikia habari ya breki ya mkono, ya kamba, na ya Noah nyeupe ambayo haikuwapo. Majibu ya Said ya siku hiyo alikuwa nayo yote. Lilibaki moja.

"Unaitwa, Said," alimwambia. "Itika."

Said alishuka zile hatua chache, akainama dirishani.

"Naam, mzee. Nipo."

Mzee Laurenti alifumba macho, na ndipo mikono yake ikauachia usukani.